Sahani ya Shemeji

Mwaka ule kampuni ya kupitisha mizigo ambako mume wangu alikuwa karani ilipunguza watu, na waliobaki wakapunguziwa mshahara. Yeye alibaki. Aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, kisha akavua viatu na kuingia ndani kana kwamba mambo yameishia hapo. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja hapa Malaba, nikishona sare za shule na kupunguza suruali za madereva. Pesa za cherehani zililipa kodi ya nyumba na karo, tena kwa shida. Chakula kilitoka kwenye mshahara wake. Kwa hivyo kilichokatwa kilikuwa chakula.

Nilianza na vitu ambavyo watoto wasingevililia sana. Mkate uliondoka, tukarudi kwa viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha. Maziwa ya pakiti yaliondoka, nikawa nachukua kwa mama mmoja aliyekuja na jerikeni kutoka upande wa Chakol. Niliacha unga wa pakiti, nikanunua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, nikayaanika mwenyewe na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Maharagwe na mchele nilivifuata ng'ambo, upande wa Uganda, kila Jumamosi, nikirudi juu ya daraja na mfuko kichwani, nikipenya katikati ya malori. Mafuta ya kupimiwa nilikoma kuyanunua, maana vile vikombe vidogo vya dukani vilinila kuliko jerikeni zima. Nyama ikawa ya mwisho wa mwezi.

Nilichoka kwa namna ambayo sikuwa naijua. Kubeba si kitu, kubeba mtu huzoea. Kilichonichosha ni kufikiria. Kusimama mbele ya mafungu ya nyanya nikipima kama nichukue moja au mawili. Kumwambia mtoto hapana kwa ajili ya kitu kidogo kiasi cha kutia aibu, halafu kesho yake kumwambia tena. Na pamoja na hayo yote, kabla mwezi haujafika mwisho, mkono wangu ulikuwa ukikwaruza chini ya pipa la unga.

Nilifikiri labda wale wa mashine ya kusaga wananiibia. Nikaanza kusimama palepale mpaka unga wote utoke, nikirudi nyumbani na nyusi nyeupe. Hata hivyo unga haukuongeza hata siku moja. Ndipo jioni moja nikaamua kupikia kwenye sufuria ndogo, ile ya kutosha watu wa nyumba tu, sisi na watoto wetu watatu. Kabla sijaipua, binamu wa mume wangu alibisha hodi na mkewe na mtoto mgonjwa. Walitoka Busia, gari limewachelewesha, wangevuka asubuhi. Nilirudisha maji motoni. Nikiwa nasonga ugali mara ya pili ndipo nilipoelewa unga wangu unakokwenda.

Nyumba yetu iko nyuma ya maegesho ya malori. Anayekwenda Uganda hupita hapa, na anayetoka huko hupita hapa. Watu wa mume wangu wako Moding, wako Chakol, wengine wako Tororo, na wote waliujua mlango wetu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja na salamu, walibeba watoto wangu mapajani, waliniuliza habari za mama yangu. Nao walikula, kama mtu yeyote anavyokula akifika kwa ndugu yake. Ningeweza kuanika mahindi mpaka nizeeke, bajeti ya mwezi isingekaa sawa.

Nilipomwambia mume wangu, alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Unataka nimwambie nani asije? Nitajie."

Nilianza kuwataja. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, mpaka nilipomfikia kaka yake mkubwa. Hapo alinyanyua mkono.

"Huyo ndiye aliyenileta mpaka hapa," alisema.

Ni kweli. Shemeji alikuwa dereva wa trela kati ya Mombasa na Kampala, na ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi ya kwanza hapa mpakani, enzi ambazo sisi hata hatujafikiria kuoana. Zamani alipokuja kwetu alikuja na nazi, au tikiti maji la njiani, au nusu gunia la vitunguu. Lakini tajiri wake naye alikuwa amembana posho ya safari, na siku hizi alikuja mikono mitupu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na alikula kama mwili wake. Foleni ya malori ikiganda, alikula kwetu mchana na jioni, na foleni hapa inaweza kuganda mpaka mtu akasahau ameanza lini kungoja. Watoto walimpenda kuliko mgeni mwingine yeyote. Aliwahadithia ndovu waliosimamisha magari barabarani, na binti yangu mkubwa alimwomba arudie hadithi ileile hata kama yeye mwenyewe ameichoka.

Nilingoja mume wangu aseme. Hakusema. Mwezi uliofuata hakusema. Sikumlaumu sana, kwa sababu niliona jinsi alivyokuwa akijinyima mezani kaka yake akiwapo, akijidai tumbo linamsumbua.

Basi ikafika juma moja ambalo malori yalisimama mpaka mbali, na shemeji akawa kwetu kila siku. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, watoto wako shule, baba yao kazini. Nilikuwa nimepika omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali, na nimeweka pembeni chakula cha watoto cha jioni, kimefunikwa. Shemeji alikula, tukazungumza habari za barabara, kisha akakitazama kile kilichofunikwa na kuniuliza, kwa upole tu, kama kuna nyongeza.

Nilivuta kigoda mbele yake. Nikaketi.

"Shemeji, nina neno la kukwambia na sijui nilisemeje."

"Liseme hivyohivyo."

Nikamweleza. Mshahara uliokatwa, maana hata hilo mdogo wake hakuwa amemwambia. Unga, mafuta, Jumamosi za kuvuka daraja. Nilimwambia pia kwamba kile kilichofunikwa ni cha watoto. Nilisema, "Sikufukuzi. Lakini chakula hakitoshi, shemeji. Hakitoshi kabisa."

Hakukasirika. Kwenye sahani yake kulikuwa bado na omena kidogo, naye akaila yote, polepole, mpaka sahani ikawa safi. Naamini aliogopa kwamba akiibakiza nitadhani amesusa.

"Mdogo wangu anajua unaniambia haya?" akauliza.

"Hajui. Yeye hawezi kukwambia."

"Kweli," alisema. "Hawezi."

Alinawa mikono, akanishukuru kwa chakula kwa maneno yaleyale ya siku zote, akaniachia salamu za watoto. Jioni hakuja. Kesho yake foleni ilisogea, akavuka.

Mume wangu alipopata habari kutoka kwangu hakupandisha sauti. Alikaa siku kadhaa akizungumza nami mambo ya lazima tu: ufunguo, maji, nguo. Kisha mama yake, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, akapiga simu kutoka Moding akisema anatutaka wote wawili Jumapili baada ya kanisa. Njia nzima, juu ya bodaboda, nilikuwa napanga maneno ya kujitetea.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani na wakwe wenzangu, anabambua njugu kwenye ungo. Tulisalimiana, tukaletewa viti. Alimaliza kiganja kimoja cha njugu. Kisha akanitazama.

"Ulimwambia akiwa ameshiba au akiwa na njaa?"

"Alikuwa amekula, Mama."

"Afadhali," alisema, akaendelea kubambua.

Halafu alizungumza kwa kirefu. Alisema ni yeye aliyekuwa akiwatuma watu kwetu. Kila aliyekuja kumuaga akisema anakwenda Malaba alimwambia apitie kwa watoto, apate chai, alale, maana huko kuna mshahara. Hakuambiwa kwamba mshahara umekatwa. Hapo alimgeukia mwanawe, na mwanawe akawa anazitazama njugu. Mama mkwe hakuniomba msamaha, wala hakunisifu. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo, anayepita kwetu apite na kitu mkononi, hata kama ni muhogo mmoja, na asiye na kitu apande gari moja kwa moja. Tukaondoka na mfuko wa unga wa mtama na muhogo. Njiani mume wangu aliushikilia asiniachie, na nadhani huo ndio ulikuwa mwisho wa kuninunia.

Walio wengi walitii. Watu wakawa wanafika na njugu, na maharagwe, na viazi vilivyo bado na udongo. Mmoja alikuja na kuku, na kuku huyo akataga kwetu kabla hatujamla. Wengine waliacha kuja kabisa. Shangazi mmoja wa Chakol aliwatangazia watu kwamba mimi ni mwanamke anayepimia ndugu matonge, na maneno hayo yakanifikia kwenye cherehani kupitia mteja aliyeleta sare ya mwanawe. Nilimpima mtoto mabega, nikamwambia mteja aje Ijumaa. Sikuwa na nguvu ya kumjibu mtu wa Chakol.

Gharama ya chakula ilishuka. Unga ulianza kufika mwisho wa mwezi, na mwezi mmoja ukazidi.

Shemeji hakuja. Nilipokuwa nashona niliiona trela yake kwenye foleni, naye akinipungia mkono kutoka mbali kama mtu anayemsalimu jirani. Watoto waligundua kwamba yuko Malaba na hajafika nyumbani, wakaniuliza. Nikawaambia ana kazi. Siku moja niliona siwezi tena. Nilipika wali na maharagwe, nikafunga kwenye hotipoti, nikafunika cherehani na kwenda.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya magurudumu, yeye na dereva mwenzake, wanakaanga vitunguu kwenye jiko dogo la gesi. Alisimama aliponiona. Alipokea chakula kwa mikono miwili, akamgawia mwenzake, wakala. Nilimwomba arudi nyumbani. Nilimwambia mambo yamekuwa afadhali.

"Hukukosea, shemeji," aliniambia. "Usikae ukifikiri nina kinyongo. Ila nikija sasa nitakuwa nayahesabu matonge yangu, na wewe utakuwa unajizuia usiyahesabu. Tutachoka wote wawili."

Nilijua ni kweli. Alifuta hotipoti kwa karatasi, akanirudishia, akaniuliza kama binti yangu amefanya mtihani wake. Kisha akasema watoto waje wamwone palepale, atawapandisha ndani ya lori wakae kwenye usukani.

Ndivyo tunavyoishi mpaka sasa. Trela ikiwa kwenye foleni, watoto hupitia huko wakitoka shule, na baba yao huwafuata, hukaa na kaka yake kwenye kivuli cha lori wakizungumza. Mimi humtumia chakula kikiwapo cha kutosha. Kisipokuwapo situmi, naye haulizi.

Mwisho wa mwezi uliopita nilinunua nyama, nikaipika na ndizi. Tulikula mchana wa Jumamosi mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyebisha. Watoto waliongeza, mume wangu akaongeza, safari hii tumbo halikumsumbua. Nyama nyingine ilibaki. Niliifunika kwa ajili ya kesho, nikatoka nje nikae kidogo, maana miguu ilikuwa inaniuma tangu sokoni.