Mikono Miwili ya Kushoto

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili nilipogundua kwamba sijui ninavyopiga mswaki. Nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yangu Kahororo, mjini Bukoba, mvua imetoka kunyesha, na mkono wangu wa kulia ukavunjika, ukafungwa hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Kesho yake nikashika mswaki kwa mkono wa kushoto. Mswaki ukatulia tuli mdomoni, kichwa ndicho kikawa kinakwenda huku na huku. Nilijitazama kwenye kioo nikacheka mpaka povu likanitoka puani.

Kicheko hakikudumu. Mimi ni mtu wa haraka, subira sikujaliwa. Vifungo vya blauzi vilikula muda wa kuchemsha chai, na hapo ndipo nilipojua kwamba nikifunga kifungo huwa nabana pumzi. Kwa nini, sijui. Siku ya tatu nikampigia simu wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama yetu Kamachumu. Akaniambia niende nikae kwao mpaka mfupa uunge.

Kusema kweli niliogopa kwenda. Miezi saba kabla ya hapo mama alipata kiharusi na mkono wake wa kulia ukapooza. Miguu ilirudi, maneno yakarudi, lakini yeye hakurudi jikoni. Mwanamke aliyekuwa anaitwa kwenye kila harusi kuongoza wamenya ndizi sasa alikaa sebuleni akitazama ukuta. Hata wageni aliwakwepa, maana kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na mama hakuweza kuvumilia kuitoa kwa mkono wa kushoto. Kwake huo ulikuwa utovu wa adabu, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Wifi alininong'oneza kwenye simu kwamba anakula kidogo mno, na kwamba amesema kazi yake duniani imekwisha. Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilikuwa nampoteza mama yangu angali hai.

Nilipofika alilitazama hogo langu, kisha akautazama mkono wake uliolala mapajani.

"Sasa tumekuwa wawili," akasema, na nikaona kona ya mdomo wake ikicheza kidogo.

Siku iliyofuata wifi alikwenda shambani kuchuma kahawa. Alitaka kutuachia viazi vilivyochemshwa, lakini nikamwambia aache, ebitoke, ndizi zetu za kupika, nitapika mimi. Kilikuwa kiburi tu. Nilikaa kwenye kigoda, nikaibana ndizi kwa magoti na kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Ndizi ikachomoka, ikabingirika hadi mlango wa sebule. Ya pili ikaifuata mwenzake. Ya tatu nilikata nyama nyingi kuliko ganda, nikaanza kuisema kwa sauti kana kwamba ndiyo iliyonivunja mkono.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mama alisimama mlangoni, akazitazama zile ndizi miguuni pake, akanitazama na mimi.

"Mwanangu, unamenya au unachinja?"

Nikamwambia kwa hasira kwamba kama anajua zaidi, aje yeye. Mara moja nikajuta. Lakini mama alijivuta hadi kwenye kigoda cha pili, akaketi taratibu, akaokota ndizi kwa mkono wake wa kushoto na kuisogeza mbele ya kisu changu. Aliniagiza nishike kisu tu, nisikikimbize. Kisha vidole vyake vikaanza kuizungusha ndizi, vikiisukuma mbele kidogo kidogo, na ganda likatoka refu, halikukatika hata mara moja.

Tangu utotoni niliamini kwamba mkono wa kulia ndio unaomenya, kwa sababu ndio wenye kisu. Kumbe kisu kinakwenda hatua fupi tu. Mkono wa kushoto ndio unaogeuza na kupima unene wa ganda. Mama aliitazama ile ndizi nyeupe, akavitazama vidole vyake.

"Kumbe ni huu," akasema polepole. "Miaka yote hii, ni huu."

Tulimaliza chane mbili, yeye akizungusha, mimi nikishika kisu vibaya na kukaripiwa kama binti wa miaka saba. Nilifurahi kukaripiwa kuliko nilivyowahi kufurahi kusifiwa. Wifi aliporudi alikuta sufuria imefunikwa majani ya migomba, inachemka, na mama amejaa maganda mapajani, mkono mweusi kwa utomvu. Alitua kikapu cha kahawa chini akasema "Ee waitu" tu kwa mshangao, kisha akageuka kujifuta macho. Mchana ule mama aliomba kuongezewa chakula.

Wiki ya tatu jirani tunayesali naye alikuja kumjulia hali. Mama alichota kahawa kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea.

"Pokea," alimwambia. "Huu ndio uliokuwa unafanya kazi. Ule mwingine ulikuwa unapokea sifa."

Hogo lilifunguliwa Bukoba baada ya wiki sita. Jumamosi nilirudi Kamachumu na mkono mwembamba lakini mzima, nikaketi jikoni na kumenya ndizi mbili peke yangu, chapuchapu, kwa raha ya kuupata tena mkono wangu. Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuketi. Alikuwa anageuka kurudi sebuleni, na uso wake ulikuwa ule wa kutazama ukuta.

Nikauingiza mkono wa kulia ndani ya kanga. Nikahamishia kisu kushoto, na kwa mguu nikamsogezea kigoda chake.

"Maawe, njoo unisaidie. Bado unauma."

Alinitazama, kisha akaitazama ile kanga.

"Mwongo," akasema, akaketi, akanyoosha mkono apewe ndizi.