Wafungwa Kwenye Ndoo ya Nyanya

Nyanya aliyenilea kule Mishomoroni hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Alinusa mara moja tu, akasimama mlangoni mwa chumba changu, mikono kiunoni.

"Nyumbani mwangu mwanuka tembo."

"Si tembo, Nyanya. Ni masomo."

"Masomo ya kulewa?"

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea kemia, na ndoo yake ya kulowekea mchele nilikuwa nimeichukua bila ruhusa. Ndani mlikuwa na maji ya maembe yaliyopondeka, niliyopewa bure sokoni Kongowea, na chini yake punje laini, ndogo kama mbegu za papai. Punje hizo nilizitengeneza mwenyewe. Unachanganya bakteria na ute wa mwani, unadondosha tone moja moja kwenye maji ya chumvi ya kalsiamu, na kila tone linaganda papo hapo, bakteria wakiwa ndani. Hawatoki. Sukari huwafuata humo humo, wanaila, na spiriti hutoka nje. Ukishachuja unawatilia maji mapya ya maembe, wanaanza tena. Nilijivunia punje zile kuliko cheti chochote.

Lakini shabaha yangu ilikuwa kifua cha Nyanya. Kila asubuhi alikaanga mahamri ya kuuza kwa moto wa kuni, kisha akakaa kwenye msala kusoma sura ya Yasin. Zamani aliisoma kama maji. Siku hizo hakufika nusu; kikohozi kilimkata, akanionyesha kwa kidole alipoachia, nami nikamalizia. Daktari alimwambia aachane na moshi. Nyanya akamjibu kwamba mahamri hayakaangwi kwa dua. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkaidi.

"Na hao wadudu," aliuliza nilipokwisha kumweleza, "umewatoa wapi?"

Kumdanganya siwezi. "Chuoni. Lakini asili yao ni kwenye tembo la mnazi."

Astaghfirullahi tatu, na ndoo ikatolewa nje, ikabwagwa nyuma ya banda la kuku. Bahati haikumwagika. Nikamfuata nikimweleza kwamba spiriti ni ya jiko, haina moshi wala masizi, na nitaitia maji ya mwarobaini asithubutu mtu kuionja. Hakugeuka. Ndipo nikasema neno ambalo mjukuu mwenye adabu halisemi.

"Na siki ya achari yako, Nyanya? Si yatoka kwenye tembo hilo hilo?"

Alisimama. Achari yake ilisifiwa mtaa mzima, na siri yake ilikuwa siki ya mnazi. Nilijua nitarushiwa champali ya mguuni.

"Siki imegeuka. Si tembo tena."

"Na hii itageuka moto."

Alicheka, akakohoa, akashika ukuta mpaka kikohozi kikapita. Sikuwa tena na hamu ya kushinda.

"Haya," akasema alipopata sauti. "Ikigeuka moto, tutauona. Lakini ndoo yangu nirudishie. Wafungwa wako watafutie jela nyingine."

Nikawahamishia kwenye dumu. Spiriti niliikeneka chuoni, kwa kuichemsha na kukusanya mvuke wake, mwalimu akinisimamia, mpaka nikapata ya kutosha. Nikaleta na jiko dogo la bati. Mwali wake ulikuwa wa buluu, hauonekani vizuri mchana. Nyanya akapitisha kiganja juu yake, akakirudisha mbio, akasema Bismillahi na kuteleka karai. Mahamri yakafura. Alilalamika kwamba yamekosa harufu ya kuni na wateja watauliza. Hawakuuliza.

Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Ilipita miezi. Asubuhi moja nilikuwa nachuja punje zangu nikasikia Yasin imeanza, nikanawa mikono, nikaenda kukaa kando ya msala kama kawaida, nikisubiri kidole chake.

Aliisoma mpaka mwisho. Akafunga msahafu, akanitazama nilivyokaa nikilia.

"Wangoja nini hapa?" akasema. "Enda kawalishe wafungwa wako."