Mpiga Pasi Aliyegoma Kunyoosha Shuka la Mti

Shuka linaingia kwenye mashine ya pasi likiwa limejikunjakunja, linatoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Mwanamke aliyesimama hapo, kitambaa kichwani na jasho likimtiririka shingoni, analidaka kwa ncha mbili, analikunja na kulibwaga juu ya rundo. Kabla halijatulia, jingine limeshaingia.

Ni Jumamosi asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zinanguruma kiasi kwamba wafanyakazi huitana kwa kugusana mabega. Huyu wanamwita Dada Pasi. Ana miaka hamsini na miwili, na nusu ya miaka hiyo ameimaliza akiwa amesimama papo hapo, kwa mshahara anaosema haujawahi kuufikia mwisho wa mwezi ukiwa hai.

"Kazi yangu ni moja tu, kuondoa mikunjo," anasema bila kugeuka. "Shuka likitoka na mkunjo, linarudi kwangu na maneno juu."

Leo lakini akili yake haipo kwenye mashuka. Ndani ya kikapu chake, kimefungwa kwa taulo kuukuu, kuna kipande cha mti alichokichonga kwa miezi mitano. Akimaliza zamu atakipeleka kwa wachongaji wenzake, na anajua fika kwamba anakwenda kutafuta ugomvi.

Wachongaji hao hukutana kila Jumamosi alasiri katika stoo iliyo nyuma ya karakana ya majeneza. Hakuna anayechonga kwa ajili ya tumbo. Yupo kinyozi, yupo mlinzi wa ghala, wapo wengine wenye kazi zao, na wote huja kwa sababu wanapenda tu. Mwenyeji wao ni seremala mwenye karakana, mzee mpole ambaye kwa kuzoea kupokea wafiwa humpa pole kila anayeingia, hata aliyekuja kuomba msumari. Ndiyo maana wanamwita Fundi Pole.

Dada Pasi aliwagundua siku alipokwenda kuagiza jeneza la shangazi yake. "Nikasikia watu wanacheka huko nyuma. Nikajiuliza, nani huyo anachekea majenezani?" Akachungulia. Jumamosi iliyofuata alirudi na kisu cha jikoni.

Kundi hilo lina namna yake ya kukaguana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakaa duara, wanafumba macho, na kazi ya kila mmoja inapita mkono kwa mkono. Kidole kikikwama mahali, mwenye kidole anatia alama ya penseli hapo hapo, bila neno. Mwenye kazi huondoka nayo akaziondoe alama hizo kwa kisu.

Kazi ikizunguka duara zima bila kupata alama, hupandishwa kwenye rafu ya ukutani, na mwenyewe hupewa nafasi kwenye benchi la dirishani. Asiyefika hapo hukaa mlangoni, na ndiye anayefagia maranda.

Dada Pasi amefagia maranda kwa zaidi ya mwaka. Benchi lile analitaka, tena hafichi. "Wiki nzima nasimama kwenye mvuke. Nataka na mimi nikae penye mwanga, nichonge kama watu."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kijiko. Kila mwezi kilirudi na alama, kila mwezi alizikwangua, na kijiko kikazidi kukonda. Mwishowe kikakatikia mikononi mwa kinyozi, ambaye kwa kazi yake ana kidole gumba kinachosikia hata unywele ambao haujaota. Watu walicheka hadi machozi. Fundi Pole alisema pole, na safari hiyo neno lilikuwa mahali pake.

"Mimi sikucheka," anasema Dada Pasi. "Nilijikasirikia mwenyewe. Nilitii kila alama mpaka nikabaki na kijiti cha kuchokolea meno."

Baada ya kijiko ndipo alipoanza hiki kilichomo kwenye taulo. Wakati wa mapumziko anakifungua. Ni kona ya shuka, kubwa kiasi cha sahani, iliyosokotwa na kubanwa hadi mikunjo yote ikakimbilia kwenye fundo moja.

Mashuka ya namna hiyo humfikia kila siku kutoka wodini. "Hapa palikuwa na mkono," anasema, akipapasa fundo. "Mtu alishika hapa, maumivu yamembana, akang'ang'ania. Labda alipona, labda hakupona, mimi siambiwi. Mimi naambiwa ninyooshe. Nabonyeza, kwisha, kama vile hakuna mtu aliyewahi kulala pale."

Kisha anaongeza: "Nimewafuta watu nusu ya maisha yangu. Huyu mmoja simfuti ng'o."

Mwezi uliopita kona hiyo ilipita mikononi mwa duara ikarudi na alama nyingi kama uso wa mtoto mwenye surua. Kinyozi alimuuliza, kwa huruma kabisa, kama kisu kilimteleza. Akaambiwa akailainishe.

Nyumbani, mumewe, dereva mstaafu wa malori, alijaribu kusuluhisha. "Nilimwambia, mama watoto, si ukwangue kidogo tu upate kiti chako, yaishe? Aliniangalia nikaona nimeharibu," anasimulia mzee huyo huku akicheka. "Akiwa hivyo namwachia njia. Gari lisilo na breki nalijua."

Mkewe hakukwangua kitu. Alichofanya ni kuipaka kona yote mafuta, juu ya alama zile zile, zisifutike hata kwa dawa.

Alasiri, stoo inanukia mbao mbichi na gundi. Duara limekaa, macho yamefumbwa. Zamu ya Dada Pasi inapofika, hampi jirani kazi yake. Anaifungua taulo na kuiweka kona ya shuka katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Fumbueni macho," anasema.

Haijawahi kutokea. Macho yanafumbuka moja moja, na kitu cha kwanza wanachokiona ni alama zao wenyewe za penseli, zikimeremeta chini ya mafuta.

"Hujagusa hata moja," anasema kinyozi.

"Hata moja. Huo mliokuwa mnauchora ni mkunjo. Nimeuweka mimi, kwa makusudi."

"Lakini dada, kuna utaratibu."

"Naujua. Ndio uliokula kijiko changu."

Kinyozi anaiinua kona, labda atafute neno la kujibu. Vidole vyake vinajifumba juu ya fundo, kila kimoja kikalala kwenye bonde lake. Anavikaza, kisha anasema polepole, "Mwaka ule nilipolazwa, nilishika hivi hivi."

Fundi Pole anakuna kidevu. Si mtu mbaya, ila rafu ile ameipigilia kwa mikono yake.

"Kazi ni nzuri, mama, siikatai," anasema. "Lakini pale panapanda kazi isiyo na alama. Nikilegeza leo, kesho nitamwambia nini mwingine? Pole sana."

"Sijaomba rafu yako, fundi."

Anatoa kikapuni kirafu kidogo alichokiunga nyumbani, misumari na nyundo. Anakwenda mlangoni, mahali pake pa kufagia, na kukipigilia ukutani. Nyundo inalia stoo nzima na hakuna anayemzuia. Juu yake anaiweka kona ya shuka, mahali ambapo kila anayeingia ataiona kwanza.

Benchi la dirishani hajalipata. Inamuuma, na wala hajikazi kuonyesha haimuumi: anapochukua ufagio, macho yanamlengalenga machozi. Lakini akiulizwa kama atachonga tena, jibu lilishakuwa tayari zamani.

"Mto," anasema, akiyakusanya maranda. "Ule unaoletwa kutoka wodini una shimo la kichwa cha mtu. Nitauleta hapa, wafumbe macho, waweke alama mpaka penseli ziwaishie. Shimo litabaki."