Gololi Mbili za Kamachumu

Haya ninayokueleza yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nalitaja hilo la mchana mapema kwa sababu najua ulivyo. Umesikia mtu anasema jambo la kweli la ajabu, tayari unawaza usiku wa manane na mbwa wanaobweka. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na mvua, na kahawa iliyoanikwa uani, na mimi na lenzi yangu.

Na kama kuna mtu asiyedanganyika kirahisi katika mji huu wa Bukoba, ni mimi. Kazi yangu ni kutoamini. Nina kibanda Rwamishenye cha kutengeneza saa na miwani, hicho ndicho kinachonilisha. Lakini ugonjwa wangu ni gololi. Ndiyo, gololi, zile za kioo ulizochezea utotoni ukarudi nyumbani magoti yamejaa vumbi. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na saba, na nikiona gololi ya kale moyo unanienda mbio hadi nalazimika kukaa chini. Cheka tu. Hata wanangu wananicheka.

Nisikilize kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichotokea. Gololi za siku hizi zinatoka kiwandani, mashine inazitema kwa maelfu, laini pande zote. Zamani fundi alizikata moja moja kutoka kwenye fimbo ya kioo cha moto, na pale alipokata pakabaki kovu dogo juu na chini. Mimi naliita kitovu. Gololi ya mkono ina vitovu, ya mashine haina. Ukiniletea isiyo na kitovu, ukaniapia kwa marehemu babu yako kwamba ni ya enzi za Mjerumani, nitakupa maji ya kunywa na kukusindikiza mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na niliipenda kuliko sheria za kanisa.

Basi msimu wa kahawa mwaka jana nikapigiwa simu na Ma Kokugonza wa Kamachumu, bibi ambaye niliwahi kumtengenezea miwani. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu. "Fundi, njoo na vyombo vyako vya kupimia gololi," akasema. "Kuna mtu hapa anasema ni wa kwetu."

Nilipofika nikapokewa kama mgeni anavyopokewa kule: kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna, nikachukua punje mbili tatu nikaanza kutafuna huku nikielezwa. Ma Kokugonza alikuwa na kaka yake mmoja aliyeitwa Evodius. Wakiwa wadogo baba yao aliwapa gololi mbili alizorithi kwa baba yake, aliyekuwa amefanya kazi kwa Mjerumani pale mjini. Pacha, moja kwa kila mtoto. Evodius alipokuwa kijana akagombana na baba kwa jambo la kipuuzi, akaenda kuvua kwenye visiwa vya ziwa letu, na gololi yake mfukoni. Baada ya miaka michache zikaja habari kwamba mtumbwi wao umezama. Hakurudi. Hakuna aliyejua kama aliacha mke wala mtoto.

Na sasa, zaidi ya miaka arobaini baadaye, alikuwa amekaa pale barazani mwanamke aitwaye Jeneroza, mfanyabiashara wa dagaa kutoka kisiwani, mikono imepasuka kwa maji na jua, kibahasha cha plastiki amekishika magotini kwa mikono yote miwili. Ndani yake mlikuwa na gololi moja. Mama yake alimpa wiki mbili kabla ya kufa, akamwambia: baba yako ni Evodius wa Kamachumu, nenda na hii, watakujua.

Lakini hawakumjua. Wanaukoo walikuwa wamekaa wamenuna, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo mipaka ya kibanja, lile shamba la migomba la ukoo. Kila mtu anajua visa vya wageni wanaoibuka na hadithi nzuri.

"Sitaki migomba yenu," Jeneroza alisema taratibu, kwa Kiswahili, maana Kihaya hakukijua hata neno. "Mama amekufa. Sina mtu mwingine. Nataka tu kujua kama nina kwetu."

Ma Kokugonza hakumtazama. Alinitazama mimi. "Fundi akisema ni pacha, huyu ni mtoto wangu. Akisema si pacha, boti ya jioni haijaondoka."

Niamini, nilikuwa nimepima gololi nyingi, lakini sikuwa nimewahi kupimishwa mtu.

Nikaomba chumba chenye giza, kwa sababu kipimo changu cha mwisho ni tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayotumia madukani kukagua noti bandia. Baadhi ya vioo vya kale, ukivimulika nayo gizani, vinawaka kijani. Wakanipa stoo ya kahawa, jengo dogo la mawe nyuma ya nyumba. Ma Kokugonza akasema sitaachwa peke yangu na gololi zote mbili, na alikuwa na haki. Binamu yao aitwaye Novati angekaa nami humo ndani kama shahidi. Novati huyo nilikuwa sijamwona bado.

Nikiwa naelekea stoo mvua ikashuka, bila hata kupiga hodi, na uani kulikuwa na kahawa imetandazwa kwenye majamvi. Unajua inavyokuwa. Watu wazima waliokuwa wamenuna wakaruka kama watoto, huyu anakunja jamvi, yule anavuta turubai. Nikaingia stoo nikarudisha mlango.

Ndani palinukia kahawa kavu, na juu ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya mgomba uliokatwa sasa hivi. Mtu alikuwa amekaa juu ya gunia. Mwanamume kijana, wa miaka thelathini hivi, shati jeupe limefungwa hadi shingoni.

"Ndugu Novati," nikamwambia, "sogea uone, usije ukasema nimezibadilisha."

Akasogea.

Nikatandika kitambaa changu cheupe juu ya kreti, nikawasha tochi ya kawaida, nikaanza na gololi ya Ma Kokugonza. Mungu wangu. Vitovu viwili, juu na chini, na ndani tepe nyekundu, nyeupe na kijani zikijisokota kama kamba. Utepe mwekundu ulikuwa na kitu cha pekee: karibu na chini ulianza kugawanyika, kama njia inayokaribia njia panda. Miaka yote ile sikuwa nimeshika gololi kama ile.

Kisha nikachukua ya Jeneroza. Nikaizungusha. Nikaizungusha tena. Laini juu, laini chini. Haina kitovu.

Nikwambie ukweli, niliumia. Si kwa ajili ya Jeneroza kwanza, kwa ajili ya gololi. Halafu nikamkumbuka yule mwanamke na bahasha yake, nikaumia mara ya pili. Lakini sheria ni sheria, na mimi ni fundi, sikuja kuhurumia watu. Nikasema kwa sauti, "Hii si pacha."

"Ilikuwa inayumba," mtu yule akasema.

Nikamwuliza nini kilikuwa kinayumba.

"Hiyo. Ukiirusha inakwenda kombo, kwa sababu ya lile kovu. Tukaisugua, waitu, ndugu yetu. Siku nzima. Hapo." Akanyoosha kidole kwenye jiwe la kizingiti, chini ya mlango.

Nikainama na tochi. Kwenye jiwe, pembeni, palikuwa na kijishimo kidogo cha mviringo, kimelainika. Nikachomeka gololi ya Jeneroza, ikakaa mle kana kwamba imerudi kwake.

Unafikiri nilijiuliza huyu Novati amejuaje? Hapana. Nilikuwa nimeshapandwa na wazimu wangu. Nikairudisha gololi kwenye lenzi, na safari hii sikutafuta kitovu, nikatafuta mahali kitovu kilipokuwa. Na nikapaona. Paliinama kidogo tu, kiasi ambacho jicho la kawaida haliwezi kukiona, na palikuwa na mikwaruzo midogo iliyochakaa kwa miaka ya kubebwa mfukoni. Nikatazama utepe mwekundu. Ulianza ukiwa tayari umegawanyika mara mbili. Kule njia ilikaribia njia panda, huku njia zimekwisha kuwa mbili. Nikaziweka gololi zimegusana, na rangi zikapita kutoka moja hadi nyingine bila kukatika.

Zilitoka fimbo moja. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Na nilibakiza maneno matatu tu kumrudisha Jeneroza kwenye boti, kwa sababu ya sheria yangu niliyokuwa naitukuza.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha mwisho. Nikazima tochi ya kawaida, nikawasha ya zambarau. Zote mbili zikawaka kijani, kijani kimoja, kama jani changa la mgomba jua likiwa nyuma yake. Nikaiinua tochi kumwonyesha shahidi wangu.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanga ule hauwashi gololi peke yake. Kitambaa changu kilikuwa kinang'aa, kwa sababu nakifua kwa sabuni ya unga. Kucha zangu zilikuwa zinang'aa. Meno ya mtu yeyote aliye hai yanang'aa chini ya tochi ile, weupe wa bluu, nimeshawaonyesha wateja mara nyingi na tunacheka. Yule mtu alikuwa ametabasamu wazi, nilimwona kwa mwanga mdogo uliopita chini ya mlango, ana mwanya katikati ya meno ya juu. Na meno yake hayakuwaka. Kucha hazikuwaka. Shati jeupe lile lilikuwa jeusi kama gunia alilokalia. Shati la namna hiyo halijapata kuona sabuni ya unga. Ni shati la siku zile za shida, tulipofulia majani ya mpapai.

Nikaona pia, sijui kwa nini jicho langu lilishika hilo, kwamba kifungo cha pili kutoka juu hakikufanana na vingine. Kilikuwa kikubwa, cha koti, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

Akazichukua gololi zote mbili, akaziweka katikati ya kitambaa changu, akakikunja pembe kwa pembe kwa vidole vyake, akanikabidhi. Vidole viligusa mkono wangu. Vilikuwa baridi na vimelowa, na laini kupita kiasi, kama kushika shina la mgomba uliomenywa.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama mzee mmoja aliyelowa hadi mifupani, maganda ya kahawa kwenye nywele. "Samahani fundi," akasema, "mimi ndiye Novati. Mvua ilinizuia. Hujaanza, au siyo?"

Nikageuka. Kulikuwa na magunia tu.

Nilitoka mle nikakimbia barazani kwenye mvua, na neno la kwanza nililosema, kabla ya hofu kunikaba, lilikuwa: "Ni pacha." Jeneroza akafunika uso kwa mikono. Ma Kokugonza akaniuliza nina uhakika gani, nami nikaeleza njia panda ya utepe, na kijishimo kwenye jiwe.

"Nani amekuonyesha lile jiwe?" akauliza. "Tulisugua mimi na Evodius tu. Baba angetuchapa."

Nikamweleza mtu yule. Mwanya. Shati. Nilipofika kwenye kifungo cha koti na uzi mwekundu, Ma Kokugonza alikaa chini kwenye sakafu, taratibu, mkono kifuani.

"Nilikishona mimi," akasema.

Mvua ilipokatika wakanipeleka kibanjani, kwenye makaburi ya nyumba ile. Moja lilikuwa dogo kuliko mengine. Ma Kokugonza akanieleza mbele ya wote, na wote walikuwa wanajua. Mwili haukupatikana ziwani. Mama yao alikuwa hali wala halali, akisema mwanawe analowa. Basi wakakata mgomba, wakauvika shati la kanisani la Evodius, wakauzika hapo kwa jina lake, ili apate mahali pa kulala.

"Miaka yote hii nilidhani tumezika mgomba tu," akasema. Kisha akamshika Jeneroza mkono, akamwuliza kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza siku ile, kama amekula.

Boti ya jioni iliondoka bila Jeneroza. Amepewa jina la ukoo, na siku hizi anakuja kila mwezi na dagaa, anaondoka na ndizi. Kihaya chake ni kibaya sana na Ma Kokugonza anamcheka. Ana mwanya, nilikuwa sijaangalia.

Na mimi? Kitambaa changu ninacho bado. Kina alama nne za vidole, za kahawia iliyokolea, utomvu wa mgomba. Kila aliyekulia kibanjani anajua utomvu hautoki kwenye nguo. Nimejaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Kila nikikilowesha, harufu ile inajaa kibanda kizima hadi wateja wananiuliza kama nina ndizi.

Kwa hiyo nakuonya. Ukileta gololi zako Rwamishenye nizipime, zilete kwa upole, na usidhani nitasema haraka kwamba si za kweli. Nimeacha haraka hiyo. Lakini kwanza nitafunga dirisha, nitawasha tochi ya zambarau, nitakuomba ucheke. Usikasirike, cheka tu nione meno. Na kama hayatawaka, sitakimbia safari hii. Nitakuuliza ni nani anakusubiri kwenu, tumwite.