Daftari Alilolizika Mikdad

Mikdad kinyozi alianza kinyaa tumboni mwa mama yake. Alizaliwa amekunja pua, na anayebisha aende Dunda, huku Bagamoyo, akaitazame, imebaki vilevile. Ana miaka hamsini na miwili, mke mmoja, saluni ya viti viwili, na taulo ishirini na nne. Kichwa kimoja taulo moja, kisha taulo inakwenda kuchemshwa. Ukimpelekea mba zako atakunyoa, lakini atakunyoa ameshika pumzi, na ukisimama kiti kinapigwa spiriti kabla hakijapoa. Chai ya watu hanywi. Kwenye sinia la pilau hula upande wake tu, tena huchora mpaka kwa kidole katikati ya wali, na ole wake mwenye vidole virefu.

Kitu kimoja tu duniani hakijawahi kumtia kinyaa: simu yake. Ile huifuta kwa kitambaa cha miwani, akailaza juu ya leso, akaitazama kama watu wengine wanavyotazama mtoto aliyelala.

Sasa, ili mwelewe alivyojiharibia, lazima kwanza mlijue daftari.

Ukoo wao ni wa mjini, watu wa tangu zamani, na kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, hukutana kwa dada yake mkubwa, Bi Biubwa, kwa hitma ya kuwarehemu wazee. Juzuu zikishasomwa, yanasomwa majina ya marehemu wa mlango wao, mmoja mmoja, ili dua imfikie kila mtu kwa jina lake. Majina mia mbili sitini na matatu. Yote yalikuwa kwenye daftari la biashara la babu yao, kurasa za mwanzo kwa herufi za Kiarabu, za mwisho kwa kalamu ya Bic. Msomaji alikuwa Mikdad, kwa sababu anazijua herufi zote mbili na ana sauti, na hilo la sauti hamumwambii mara mbili, anajua mwenyewe.

Katika hao wote, mmoja hakuwa damu yao. Alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka bara kwa miguu, zama za watu kuuzwa, akamlea Shamsia, mama yake babu yao, aliyefiwa na mamake siku ileile ya kuzaliwa. Mwanamke huyo hakuzaa. Hana kaburi linalojulikana wala mjukuu. Alichonacho ni mstari mmoja kwenye daftari. Mama yao, kabla hajafa, aliwaita Biubwa na Mikdad akawaambia, "Hawa wengine mkiwasahau wana watoto wao. Yule hana mtu. Mna yeye shingoni."

Basi daftari lenyewe lilinuka. Lilinuka mende, mkojo wa popo, na jasho la vidole vya watu waliokufa. Kila mwaka Mikdad alilifunua kwa ncha ya ukucha, akasoma majina yote mia mbili sitini na matatu akivuta pumzi kwa mdomo, akili yake yote iko kwenye ndoo ya maji na sabuni inayomngoja uani. Mwaka jana, alipokuwa ukurasa wa nane, mende mzima mzima akatoka kwenye mshono, akapanda kanzu, akaingia kwenye mkono wa kanzu. Hitma ilisimama. Msomaji alikuwa anaruka.

Baada ya hapo akakaa siku nane akiyanakili majina kwenye simu, herufi kwa herufi, amevaa glavu za kupakia watu rangi za nywele. Alipomaliza akalitazama daftari kwa chuki. Kulitupa jalalani haiwezekani, kurasa zimejaa jina la Mwenyezi Mungu, kuna Abdallah kumi na wanne mle ndani. Kulichoma hakutaka moshi wake. Akafanya kama wanavyofanya watu wenye adabu kwa msahafu uliochakaa: akalifunga kwa kitambaa cheupe, akalizika nyuma ya nyumba ya Biubwa, chini ya ukuta, pasipopita mguu wa mtu. Akanawa mara saba.

"Umelizika?" Biubwa aliuliza, akiwa na upawa mkononi.

"Nimelihifadhi, dada. Yote yako humu," akaipiga simu kofi dogo la mapenzi.

"Umelizika, Mikdad. Haya, nitumie na mimi kwenye WhatsApp."

"WhatsApp! Marehemu wetu wakae na zile video zenu za mbuzi anayecheza na matangazo ya dawa za minyoo? Hapana."

"Basi si kuna kule mnakoweka juu, mtu akipoteza simu anavikuta vitu vyake?"

"Juu wapi? Ni kompyuta za watu, dada. Watu nisiowajua, ambao hata kutawadha hawajui. Nikamkabidhi mama yangu kwao?"

Biubwa akamnyooshea upawa. "Kinyaa chako," akasema, "siku moja kitakuua wewe na sisi tulio karibu."

Ikaja Shaabani ya mwaka huu. Hitma ilipangwa Ijumaa. Jumatatu akaingia saluni Rajabu, muuza mbao, mwenye simu mpya ya kioo cha kukunja, akaikunja na kuikunjua mbele ya kioo mpaka wateja wakasahau zamu zao. Mikdad akaona wivu. Simu mpya hawezi kununua. Lakini kulikuwa na jambo analoliweza: kwenye kundi la wapenda simu alilojiunga nalo walikuwa wanagawana beta, yaani ule mfumo mpya unaotolewa kwa majaribio, ambao hata waliouunda bado wanautafutia makosa.

"Wewe una kioo cha kukunja," akamwambia Rajabu, "mimi saa hizi naweka kitu ambacho Bagamoyo nzima hakuna. Kitafika kwako miezi sita ijayo, ukiwa mzima."

Simu ikamwonya. Wallahi ilimwonya, tena kwa Kiswahili: toleo hili linaweza kupoteza data, hifadhi nakala kabla ya kuendelea. Akabonyeza *Nimeelewa*. Mtu aliyeogopa mende hakuogopa maandishi mekundu.

Nusu ya siku ilikuwa raha. Alama zilikuwa za mviringo zaidi, kengele zililia kwa sauti nyingine, na kila aliyenyolewa alionyeshwa bila kuomba. Alasiri simu ikawa ya moto kama pasi. Jumanne baada ya adhuhuri ikazima, ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka, ikaonyesha nembo. Mikdad akaiweka juu ya leso na kuisomea dua. Nembo.

Jumatano akaenda Kerege kwa Ridhiwani, fundi simu ambaye watu wa Msata na Dar es Salaam humfuata. Kibanda chake, subhanallah. Meza imejaa nywele za nyaya, gundi nyeusi, mswaki wa meno unaosugulia simu za walimwengu wote, na kando ya mswaki sahani ya mihogo ya kukaanga. Ridhiwani akaupiga mhogo, akalamba vidole viwili, akanyoosha vidole vilevile kuipokea simu.

"Futa mkono," Mikdad akasema.

"Umeniletea simu au mchumba, mzee?" Akaifuta tumboni mwa fulana, ambayo ilikuwa chafu kuliko mkono. Akabonyeza pembeni, akatazama. "Umeweka beta."

"Nimeweka."

"Bakapu ulifanya?"

Mikdad akakunja pua.

"Sikuuliza kama inanuka. Nauliza vitu vyako una nakala mahali?"

"Kuna majina mle. Majina tu. Nitolee hayo, mengine sina haja."

"Mzee wangu, hii naiamsha sasa hivi, robo saa. Lakini ili iamke lazima ifutwe yote, irudi kama ilivyotoka dukani. Vitu vya ndani vimefungwa na ufunguo uko humohumo ulimokufa. Hapa Kerege hatoi mtu, na hata huko Ulaya hatoi mtu." Akatafuna. "Ni majina ya wanaokudai?"

"Ya marehemu."

Ridhiwani akaacha kutafuna. Akaifuta simu upya, safari hii kwa kitambaa safi alichokitoa kwenye mfuko wa nailoni, akamrudishia kwa mikono miwili. Hilo lilimchoma Mikdad kuliko matusi.

"Shikamoo, dada," alisema jioni ile, amesimama mlangoni kwa Biubwa.

"Marahaba. Mbona umesawajika?"

Akamweleza. Biubwa alikuwa anapepeta mchele wa hitma, akaendelea kupepeta mpaka mwisho wa maneno.

"Wa kwetu nitawakumbuka," akasema. "Binamu Adija atawaleta wa upande wa Pangani, na binamu Wahida wale wa Winde. Tutafika mia mbili. Yule mama aliyemlea Shamsia anaitwa nani?"

Mikdad akaitoa simu mfukoni, akabonyeza. Nembo.

"Umemsoma miaka kumi na tisa, Mikdad."

"Na wewe umemsikia miaka kumi na tisa."

"Mimi nipo jikoni, mara moja kwa mwaka, jina la bara lisilofanana na majina ya watu ninaowajua! Wewe ulikuwa nalo mdomoni."

Alikuwa nalo mdomoni, kweli. Alilitoa haraka kama mtu anayetema kitu. Mikdad alisimama pale akihisi ulimi wake mwenyewe umemtia kinyaa.

Alhamisi asubuhi akaenda ukutani na jembe. Mvua za vuli zilikuwa zimepita pale, na choo cha jirani kilikuwa kimevuja pale, yeye akiwa hana habari. Jembe lilipogusa kitambaa akaliweka chini, akaogopa kukata karatasi. Akapiga magoti. Mikdad, mwenye taulo ishirini na nne, akaingiza mikono kwenye tope lile mpaka kwenye viwiko, bila glavu, kwa kuwa glavu zingeichana karatasi.

Kitambaa kilikuwa lami. Daftari lilikuwa uji wa kijivu unaotambaa. Mchwa walimpanda mikononi na hakuwapangusa. Akatapika kidogo pembeni, akajifuta kwa bega, akarudi. Alibandua ukurasa kwa ukurasa kwa ukucha uleule uliokuwa ukifunua kwa dharau, akazitandaza juani juu ya ungo wa Biubwa: vipande thelathini na kimoja, vingi si vikubwa kuliko stempu. Biubwa alisimama nyuma yake, kanga puani.

Kipande cha ishirini na sita kilikuwa na mwandiko wa babu yao. Kilisomeka wazi: *aliyemlea Shamsia, Mola amrehemu.* Kabla ya hapo palikuwa na tundu, kingo zake zimetafunwa vizuri, kama mkate wa mtoto.

Ijumaa watu wakajaa. Mikdad akasoma kutoka daftari jipya, kwa mwandiko wake mwenyewe, majina mia moja tisini na manane. Alikuwa ameoga mara nne na bado watu wa karibu walijisogeza kidogo, na yeye aliwaona wakijisogeza, na aliijua ile pua waliyokunja. Alipofika kwenye mstari wa yule mlezi akasimama.

"Mama," akasema, "aliyemlea Shamsia."

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Biubwa akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Jina lake?"

"Mchwa wamelila, dada."

"Mchwa?"

Mikdad akatazama mikono yake. Chini ya kucha, alikosugua mpaka kukatoka damu, bado palikuwa na mstari mweusi.

"Mimi," akasema. "Nimelipoteza mimi."

Mwalimu aliyeongoza hitma akaomba dua, watu wakaitikia. Pilau lilipoletwa, sinia la Mikdad lilikuwa na watu watano, na halikuchorwa mpaka, kwa sababu hakunyoosha mkono kulila.