Alama za Katambuga

Juzi, mjini Biharamulo, nilimwona askari akipiga picha alama za viatu nje ya duka lililovunjwa. Alizipima taratibu, bila kumkamata mtu. Hasira ya zamani ikanipanda.

Nilikuwa binti mdogo. Ng'ombe wa jirani yetu alipotea, na mchana walinzi wa kijiji wakaja kwetu wakinuka jasho na tumbaku. Mmoja alishika kijiti alichopimia alama za miguu zizini kwa jirani. Akakilaza juu ya katambuga za baba mdogo Masanja. Mimi nikadhani wanampimia viatu vipya, nikafurahi.

"Ni huyu!"

"Jamani, kijiji kizima tunavaa katambuga za fundi mmoja," baba mdogo alisema.

Hawakumsikiliza. Walimpiga palepale uani, na mlio wa zile fimbo ninao masikioni hadi leo.

Jioni ng'ombe alionekana porini, anakula majani. Hakuna aliyemwiba. Walinzi wakarudi wakichekacheka.

"Mama Neema, tumshukuru Mungu, amepatikana."

Mama alikuwa akimfuta baba mdogo damu mdomoni. Hakuinua hata uso.

"Na meno yake," aliuliza, "yatapatikana lini?"