Poudre ya mashavu mu glasi ya maji

Hasira ingali inanichoma. Vita ilinifungia Beni mwezi muzima, barabara ya kurudi kwetu Butembo ilikuwa haipitiki. Mwishowe narudi mu duka yangu ya mutaa wa Mususa, nafungua boîte moja ya kuuza, najipaka poudre nyekundu ya mashavu, natoka: Mama Kahindo, jirani, anauza boîte za poudre kama zangu kwa nusu ya bei yangu!

Nikasoma nyuma ya boîte zote mbili: talc, mica, rangi, sawasawa neno kwa neno.

"Karatasi ya boîte yake inadanganya!" nikapiga kelele. "Huyu mama anatuuzia vumbi ya matofali!"

Banamama bakajaa. Nikaleta glasi mbili za maji, kama vile tunapimaka unga ya mihogo: muchanga unazama. Poudre ya Mama Kahindo ikaelea juu, safi kabisa. Nikamwaga yangu kwa maringo. Ikazama yote, maji ikakuwa matope.

Nikamugeukia Masika, mudogo wangu mwenye alibaki akiuza mu duka yangu.

"Yaya, stock iliisha," akasema polepole. "Na wewe ulisema client hapana kurudi mikono mitupu. Nikasaga tofali, nikajaza boîte."

Mama Kahindo hakucheka hata kidogo. Alichovya kitambaa chake mu maji ya glasi yake, akaanza kunipangusa mashavu.